Orodha Isiyo na Onyo

Kwa mara ya sitini asubuhi ile, kompyuta ilionya kwamba mtu mmoja wa kijiji cha Kaisho si mtoto wa baba yake.

“Sasa inatukana,” alisema Adelgunda, mpiga chapa.

Telesfori, karani wa mradi wa mitamba pale Omurushaka, alijikuna kichwa. Mwaka ule wa 1998 walikuwa wameletewa programu ya kukagua orodha, iliyoandikwa kwa lugha ya Python na kijana wa kigeni ambaye alikwisha rudi kwao. Programu ilitaka jina la pili la kila mtu lilingane na la baba. Lakini katika familia hizi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Maonyo yote sitini yalikuwa ya uongo, na orodha yenye onyo ilikataa kutoka.

Kesho yake mitamba sitini ingegawiwa, na mmoja ni wa Telesfori. Banda alishajenga. Wanawe walishaanza kugombea maziwa.

“Si uiambie inyamaze tu, kaka?”

“Dada, mashine ya watu siigusi. Afadhali nirekebishe hawa watu.”

Akarekebisha. Herufi moja ya jina la mtu, kisha jina la baba, mbio mbio, bila kutazama anamwandika nani. Maonyo yakaisha. Siku ile alitembea kama daktari bingwa.

Ijumaa alishika kipaza sauti. Sheria aliitunga mwenyewe: ukiitwa mara tatu usiitike, mtamba wako anapewa aliyepo.

“M. Ildefonsi!”

“Ni mimi, Mukashema! Jina mmeninyang’anya, ng’ombe nipeni!”

Watu walicheka, lakini waliitika. Kila mmoja alimkumbuka baba yake, akaja na kamba.

“T. Theoneste!”

Kimya.

“T. Theoneste! Mara ya pili!”

Kimya.

“Ya tatu! Mzembe kama huyu, ng’ombe angemfia tu. Mpeni Byarugaba.”

Byarugaba, aliyekuja kutazama tu, aliondoka na mtamba nusu akikimbia, mwenyewe asije akatokea.

Orodha ikaisha. Telesfori akajikung’uta vumbi, akageukia zizi. Tupu.

“Sasa wangu yuko wapi?”

Adelgunda alikuwa ameinamia karatasi, mabega yakimtikisika.

“Karani,” alisema, “hivi baba yako anaitwa nani?”