Risiva Nyuma ya Kabati

Mbugua alifinya kitufe mara ya tisa. King'ora kikalia juu ya paa, mbwa wa jirani wakakijibu. Akakizima, akaandika tisa kwenye karatasi, kisha akatembea hadi banda la ng'ombe ili afinye mara ya kumi.

"Fundi, si imeshika?" mwenye nyumba, Jerono, aliuliza kutoka barazani.

"Imeshika, mama. Nataka tu nijaribu na huku."

Alikuwa amefika hapo Milimani, Kitale, saa mbili asubuhi. Kufunga alamu isiyo na waya si kazi kubwa. Unabandika vidude vya milango na madirisha, unampa mwenye nyumba kitufe cha kuvaa shingoni, na unatundika risiva ukutani, kile kisanduku cheupe kinachonasa mawimbi ya hivyo vyote na kuwasha king'ora. Mafundi wenzake walimaliza kabla ya saa sita. Mbugua alichukua siku nzima, na bosi wake alikuwa ameshachoka kumuuliza kwa nini.

Ilikuwa kwa sababu ya nyumba moja ya Bungoma.

Agosti ya mwaka 2004 alitumwa huko kumfungia alamu Mzee Wanjala, karani mstaafu aliyepooza upande mmoja. Mkewe, Nekoye, ndiye aliyemhudumia nyumbani. Risiva ilifaa kukaa sebuleni, lakini soketi ya sebuleni ilikuwa imekufa, basi Mbugua akaitundika koridoni, nyuma ya kabati la chuma. Alijua chuma huzuia mawimbi. Alijua pia kwamba alipaswa kwenda barazani, alikopenda kukaa mzee, akajaribu kitufe kutoka kule. Lakini mvua ilikuwa inakuja na njia ya kurudi Kitale ilikuwa ndefu. Alijaribu mara moja tu, akiwa palepale koridoni. King'ora kikalia. Akafunga mkoba wake akaenda.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumapili, Nekoye akiwa na kwaya ya kanisa huko Misikhu, wezi waliingia mchana kweupe. Walibeba televisheni na cherehani. Mzee walimpiga kichwani kwa nondo, na siku ya nne akafia hospitalini. Polisi walimkuta barazani, ameshikilia kitufe hata kidole gumba kimekuwa cheupe. Majirani waliokuwa wakipura maharagwe ng'ambo ya ua walisema siku hiyo hawakusikia mlio wowote.

Hakuna aliyemlaumu Mbugua, na hilo ndilo lililomtesa. Kampuni ilituma fundi mwingine akakague, lakini akakuta Nekoye ameshaing'oa risiva mwenyewe, akisema hawezi kupita koridoni akiiona. Polisi walipomuuliza jina la aliyeifunga, aliwaambia wamwache huyo mtoto wa watu. Krismasi ilipofika alimtumia Mbugua salamu na kuku wawili. Mbugua hakuweza kuwala. Aliwapa majirani, akamwambia mkewe kwamba anaumwa tumbo.

Tangu hapo alipima kila nyumba kama daktari anayepima mtoto wake. Usiku aliota kidole gumba.

Siku hiyo kwa Jerono alifinya kitufe mara kumi na nne. Jerono alimwangalia akikunja karatasi yake, akacheka kidogo bila ubaya.

"Wewe fundi uko kama mtu anatafuta makosa yenye haiko."

Mbugua alicheka naye, lakini njia nzima ya kwenda nyumbani maneno yale hayakumtoka. Kosa lilikuwapo. Yeye alijua lilipo, na hajawahi kulisema mbele ya aliyekosewa.

Jumamosi alibeba risiva mpya mkobani, akaenda Bungoma bila kupiga simu.

Alimkuta Nekoye akianika mahindi uani. Alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Alimvutia kiti, akamuulizia watoto mmoja mmoja kwa majina. Mbugua alisema amekuja kumfungia alamu upya, kwa heshima ya mzee. Nekoye alikataa. Alisema hataki hicho kitu ndani ya nyumba yake, kwa sauti iliyomfanya Mbugua aweke mkoba chini.

Hapo akayatoa yote. Alieleza habari ya soketi, ya kabati, ya mvua iliyokuwa inakuja, na ya lile jaribio moja la haraka. Mwisho alieleza habari ya baraza ambayo hakuikanyaga. Alisema yuko tayari kwenda naye polisi, au kusimama mbele ya watoto wa marehemu na ukoo wote, popote atakapotaka yeye.

"Mama, mimi ndiye nilimuua mzee," alisema. "Niliacha kazi katikati."

Nekoye aliendelea kutandaza mahindi kwa kiganja, akivuta yaliyorundikana na kuyasambaza, kama vile hakusikia. Kuku aliingia kwenye turubai, na hakumfukuza. Mwishowe mkono ukasimama. Alipozungumza hakumtazama.

"Hiyo kabati haikuzuia kitu, mwanangu. Hiyo mashini ililia wiki mzima. Alikuwa anafinya akitaka mto, akitaka maji, akitaka tu nikuje nikae na yeye. Hiyo Jumapili nilikuwa nimechoka. Niliizima kwa soketi, nikaenda kuimba."