Zamu ya Baba

Siku hizi anayepanda mlima kwa baiskeli hachoki. Uchovu wake humwangukia ndugu aliyeandikishwa, akiwa amelala nyumbani. Nankondo alikuwa amekwisha kuchora njia ya siku sita hadi kwenye theluji. Lilibaki jina la ndugu tu.

“Niandike mimi,” baba yake alisema.

“Baba, na kifua hicho? Siku moja tu itakumaliza.”

“Ni zamu yangu, mwanangu.”

Akamsogezea kibali chake cha zamani, cha enzi alipokuwa akipanda kila mwaka. Penye jina la ndugu paliandikwa: Nankondo, miaka saba.

Nankondo akakumbuka alivyokuwa akisinzia darasani, na baba huyu huyu akimwita mvivu mbele ya wageni. Akaliandika jina la baba. Kisha akairudia ramani, akaongeza siku mbili za kupanda.