Kusoma Nilikomwazima Mdogo Wangu

Tangu shule, mdogo wangu Mwanakombo herufi humchezea. Akitazama ukurasa, maneno yanarukaruka. Sheria ya viza inamruhusu mtu kama yeye kuazima uwezo wa kusoma wa ndugu yake wa damu, aufanyie mtihani wa Kiingereza. Mama akanitazama mimi. Nikavishwa kofia ya nyaya ya kuhamishia uwezo huo, nikautoa wangu.

Akafaulu. Akapikiwa pilau, akapakwa hina, akasifiwa akili. Akili zipi? Zangu hizo! Tulikubaliana anirudishie baada ya siku saba; siku ya tano akapanda ndege.

Sasa mimi ndiye ninayenusa mikebe jikoni kujua upi una bizari na upi una mdalasini.

Leo imefika barua yake. Ameiandika kwa mkono, kujionyesha tu. Nikampa mume wangu, Shamte, anisomee.

“Shemeji anakusalimu sana,” akasema. “Mwakani, inshallah, atakuja kukurudishia.”

“Na nini tena?”

“Ni hayo tu, mke wangu.”

Barua ina kurasa nne. Shamte ameshafika wa tatu, na anatabasamu.