Nyuma ya Betri

Kibwana alitaka injini ya gari la marehemu baba yake, na kila kilichoizunguka, vionekane kama vilivyotoka kiwandani. Gari lilikuwa jeupe. Baba alisema siku zote kwamba alilinunua jeupe.

"Utalipaka na wanja?" aliuliza jirani yake, Mwanaidi, akiegemea mkongojo wake langoni. "Hata bibi harusi hasuguliwi hivyo."

Kibwana alicheka, akaitoa betri, akasugua masizi kwa brashi na mafuta ya taa. Nyuma ya betri ikatokea rangi ya manjano. Akasugua chini ya kikopo cha mafuta ya breki, ikatokea manjano tena. Akainuka, akalizunguka gari, akarudi kusugua palepale. Aliyelipaka upya hakujisumbua kutoa betri.

Mji mzima ulijua kwamba gari lililomvunja Mwanaidi mguu alipokuwa mtoto, kisha likakimbia, lilikuwa la manjano. Halikuonekana tena.

"Mbona kimya? Umekuta nyoka?"

"Masizi tu, dada."

"Basi ngoja nione. Asubuhi nzima unanipigia kelele, angalau nifaidi macho."

Mkongojo ulianza kugonga saruji. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa miguuni pa Kibwana, wazi. Mkono wake mmoja ulishika brashi, na mwingine ulishika fimbo iliyoinua boneti. Hakuna uliosogea. Mkongojo ulizipita taa za mbele, ukasimama.