Daftari la Mzee Kigoda

Maktaba mpya ya makumbusho ilipofunguliwa, watoto wa mafunzo ya likizo walilizonga sanduku la kioo lenye daftari la marehemu Mzee Kigoda. Kibao kilisema: "Limetolewa na mkewe, Bi Saumu."

Bi Mwajabu, mke mkubwa, alizitazama kwa wivu zile herufi za daftari zilizolala kushoto. Mume wao hakujua kuandika. Yeye alisimulia tu; Mwajabu ndiye aliyeandika, kabla hata Saumu hajaolewa.

"Umeona, dada, nilivyomtukuza mume wetu?" Saumu aliuliza.

"Nimeona, mwenzangu. Na kibao kimekupendeza."

Mlangoni, mkutubi alimpa kitabu cha wageni. Mwajabu akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake taratibu. Mkutubi akauangalia mwandiko ule, kisha akaligeukia sanduku la kioo.