Kioo cha Wanzagi

Wembe wa pili ulikatikia ndani ya silikoni, na Hyasinta hakuwa amemaliza hata upande mmoja wa kioo.

"Nipe mwingine," alimwambia wifi yake, Yunis, bila kugeuka. "Kaka yako amefika wapi?"

Yunis alitazama simu. "Bunda. Gari limesimama Nyasura, wanashusha mizigo."

Hyasinta alipenyeza wembe kati ya kioo na marumaru, akakata. Silikoni ilikuwa nene, imekizunguka kioo pande zote kama ufizi. Ilikatika kidogo, ikanyumbuka, ikarudi palepale.

Asubuhi walikuwa wamempigia Machage, fundi wa Mukendo, mjini, aliyekuja kukibandika. Alikuwa kwenye kazi nyingine, hangeweza kufika.

"Lakini mama, hiyo niliiweka ya kudumu," alisema. "Si mlitaka maji yasiingie hata tone? Kata na wembe pembeni, huku na huku, usichokonoe katikati. Paka siki, iache ilainike, halafu vuta taratibu kama unatoa utumbo wa sato."

Chupa ya siki ilikuwa imefika nusu. Hakuna kilichovutika.

"Nilete nyundo tukivunje, yaishe," Yunis alisema.

"Nyundo haigusi hapo!" Mama mkwe, Nyangi, alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekipa kioo mgongo. "Kila Jumapili nilikuwaga nakifuta na kanga yangu mwenyewe. Mkosi tulio nao unatosha. Kitoke kizima."

"Na marumaru, mama?" Yunis aliuliza.

"Marumaru atayakuta, tutamweleza polepole. Kioo asikione. Mtoto anatoka kifungoni, moyo wake utapasuka."

Hyasinta alizidi kukata. Alikuwa akiisikia tena sauti ya jana kwenye simu.

Mumewe, Wanzagi, alikuwa amepiga kutoka Bukoba kwa simu ya mtu. Alikamatwa ng'ambo ya ziwa akivua bila kibali, akafungwa, na sasa ameachiwa. Hyasinta aliposikia ile sauti aliitupa simu chini. Yunis ndiye aliyeiokota, na kwa kuwa siku hizi matapeli wamezidi, akamuuliza jina la ng'ombe waliyemchunga utotoni. Akalitaja. Yunis akakaa chini.

Wanzagi aliwasimulia kidogo. Alilala kwenye sakafu tupu, baridi imemwingia mpaka kifuani. "Nilikuwa nawawazaga nyie tu," alisema. "Nilijua mnanitafuta."

Hawakuwa wakimtafuta. Walikuwa wakichagua rangi ya marumaru.

Hilo lilimkata Hyasinta kuliko wembe. Wazee walisema saruji yatosha. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania: marumaru ya bluu, kioo, fundi wa mjini. Alitaka kila anayepita ajue kwamba Wanzagi hakuoa mke wa hivi hivi.

Damu ilianza kutiririka kwenye kidole. Aliifuta kwenye gauni, akamimina siki, akavuta kwa kucha. Ghafla upande wa juu ukaachia: mkanda mrefu wa silikoni ukatoka wote kwa mkupuo mmoja. Yunis alipiga kigelegele, akajiziba mdomo haraka.

"Kinatoka, mama!"

Walishika upande wa kushoto wote wawili. Ukatoka vipande vipande. Wa kulia ukafuata, na Hyasinta akaanza kuomba kwa sauti, maneno yakimtoka bila mpangilio. Akashika ukingo wa kioo, akavuta.

Hakikusogea. Akachungulia kwenye ufa. Machage hakuwa amepaka pembeni tu. Alikuwa amepaka mgongo mzima.

Simu ikalia. Yunis alisikiliza, uso ukabadilika. "Ameshuka njia panda ya Butiama. Kapanda pikipiki."

"Siki!"

"Imeisha."

Hyasinta alikwangua kwa wembe, kwa kisu, kwa kijiko. Aliukandamiza mguu kwenye marumaru, akavuta mpaka kucha moja ikang'oka. Alikuwa analia sasa, na hakujali nani anamsikia. "Toka," alikiambia kioo. "Nakuomba, toka."

Pikipiki ilisikika kwenye kona. Alivua kanga kiunoni, akaitandaza juu ya kioo, akasimama mbele yake.

Wanzagi alishuka, amekonda, ndevu zimemjaa. Mama yake alimwangukia kifuani, akamshika masikio, pua, mabega, kama mtu anayepima mbuzi sokoni. Wanzagi alicheka, kisha akalia pamoja naye. Esther, binti yake, alijificha nyuma ya shangazi na kukataa kutoka.

"Ananiogopa?" Wanzagi aliuliza.

"Atazoea," Yunis alisema.

Akamwendea mkewe. Hyasinta alitaka kumkimbilia, lakini hakuthubutu kuondoka pale aliposimama.

"Mama Esther, mikono imefanyaje?"

"Si kitu, baba Esther. Nilikuwa nasafisha. Twende ndani ukaoge, maji yameshachemka."

"Unanuka siki." Alitabasamu. "Hapo nyuma mnanificha nini?"

"Twende ndani kwanza. Nakuomba."

Alimshika mabega, akamsogeza kando kwa upole, akaiondoa kanga. Akainama, akafuta siki kwa kiganja, akaitazama picha yake mwenyewe ndani ya kioo. Kisha akasoma kwa sauti jina lake, mwaka aliozaliwa, na siku walipouzika mwili ulioopolewa ziwani, wakidhani ni wake.

"Mama," aliuliza, "sasa humu mmemlaza nani?"