Mita Moja na Vidole Vinne

Nyangate aliingia na chai, akaona jina lake kwenye kioo cha kompyuta. Lilielea juu ya kichwa cha mtu mdogo mwenye fimbo ya mita. Bijal, binti wa mwenye duka, akabonyeza kitufe, na yule mtu akatoweka.

"Rudia," akasema Dev, baba yake.

"Ni mchezo tu, Mzee Nyangate," Bijal akasema, haraka mno. "Unaendesha duka. Mteja akifurahi uso unakuwa kijani. Akiudhika unakuwa mwekundu, anaondoka."

Watu wote wa duka walikuwemo mchezoni: Esnah wa mapazia, Momanyi wa cherehani, hata Dev mwenyewe kwenye kiti chake kirefu cha mlangoni. Aliyekosekana sasa ni Nyangate peke yake.

Tangu lini mwenye duka la vitambaa mjini Kisii akaacha kaunta ili acheze?

"Wanatafuta wa kupunguza kazini," Nyangate akamnong'oneza Esnah.

"Basi ni wewe," Esnah akatania. "Mimi jana nilijiona humo, nimenona vizuri."

Nyangate hakucheka. Binti yake Nyamoita alikuwa kidato cha tatu, na yeye alikuwa na siri. Kwa miaka ishirini na miwili, kila alipopima kitambaa cha sare ya shule, aliongeza vidole vinne kabla ya kukata, ili mama apate upindo wa kushusha mtoto akirefuka. Wanawake waliteremka kutoka Manga kwa miguu wakimtafuta. "Omogaka, mzee wetu, nipimie wewe." Na Dev, kutoka mlangoni, huwafokea: "Usishikeshike. Nunua ama toka."

Wiki hiyo Bijal alisimama karibu na kaunta, daftari mkononi, macho kwenye vidole vya Nyangate. Alhamisi, kwa hofu, mzee akakata mita kamili. Mama mmoja wa Sironga akakitazama kitambaa, akamtazama yeye, akaondoka bila kuaga. Bijal akaandika.

Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, wakamwita ofisini. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

"Kipimo chako tumekiingiza kwenye mchezo," Bijal akasema. "Mita moja na vidole vinne."

Nyangate akailaza fimbo yake mezani. "Nimekosa, bosi. Niache angalau mtoto amalize shule."

Dev alikuwa akitazama dirishani.

"Tulimwondoa kila mtu, mmoja mmoja," Bijal akaendelea. "Kila mara nyuso zikawa nyekundu. Isipokuwa mmoja. Huyo alipotoka, duka zima likawa kijani."

Dev akatoa funguo za duka mfukoni, akaziweka juu ya fimbo ya Nyangate.

"Kile kiti cha mlangoni kinaumiza mgongo," akasema. "Jumapili uje na mto."